Picha za zamani zikigoma kugeuzwa: dalili, chanzo na dawa

"Mwanangu, biharusi kawa bluu."

Mzee aliyesema hivyo alikuwa kasimama mlangoni pa kibanda changu hapa Mlandege, Unguja, simu mkononi, hata shikamoo yangu hajaiitikia. Siku tatu nyuma aliniachia CD ya harusi ya bintiye, ya mwaka 2004. Alitaka picha ziwe nyepesi azitume kwa wajukuu zake Muscat. Nilizigeuza zote kutoka fomati za zamani za picha, TIFF na JPEG, kwenda WebP, fomati mpya iliyo nyepesi zaidi, nikamtilia kwenye fleshi, nikapokea pesa yangu. Sasa ananionesha picha nne ambazo nguo nyeupe imekuwa nyeusi, na ile hina iliyochorwa hadi kwenye viwiko inang'aa kama taa ya duka la simu.

"Ami, tuifungue ya asili kwanza."

Tukaifungua. Ya asili ilikuwa salama salimini, kwa hiyo aibu ikabaki kwangu. Lakini picha yenyewe haikuharibika. Programu niliyoitumia ilizibeba pikseli ikaacha kusoma maelezo ambayo faili linajieleza lenyewe: rangi zimeandikwa kwa mfumo gani, picha imesimama vipi, ina kurasa ngapi. Tangu siku ile, mteja akija na lawama, mie huanza na faili la asili, si na programu. Dalili ninazozieleza hapa ndizo zinazonijia mara kwa mara, na nimezipa majina wanayozipa wateja wenyewe.

Kabla ya chochote: nakili CD au fleshi yote kwenye diski yako, fanya kazi kwenye nakala, asili usiiguse. Anayetumia ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa amri za kuandika, ajihadhari na amri ya mogrify, kwa sababu usipoipa fomati au folda nyengine huandika juu ya faili lilelile, na hapo hakuna pa kurudi.

"Picha imekuwa kama negetivu"

Hii ndiyo iliyompata ami. Zile picha nne zilikuwa zimepita kwa mchapishaji wa kadi, naye alizihifadhi kwa rangi nne za wino, yaani CMYK, badala ya RGB ya kioo. JPEG inaruhusu hivyo. Tatizo ni kwamba programu za Adobe huandika CMYK ndani ya JPEG kwa namba zilizopinduliwa, na programu isiyolijua hilo huzisoma kama zilivyo. Cheupe kinakuwa cheusi, ngozi ya mtu inakuwa bluu.

Kuzitambua, huna haja ya kufungua picha moja moja. Simama ndani ya folda uandike:

magick identify -format "%f %m %[colorspace] %z\n" *

Utapata jina, fomati ya kweli, mfumo wa rangi na kina cha biti kwa kila faili. Zenye CMYK zitenge peke yake. WebP na PNG hazina CMYK kabisa, kwa hiyo lazima rangi zifasiriwe, na tafsiri nzuri huhitaji wasifu wa rangi, yaani faili dogo linaloeleza kila namba isomwe kuwa rangi gani, wa pande zote mbili:

magick kadi.jpg -profile cmyk.icc -profile sRGB.icc kadi.png

Kama faili halina wasifu ndani yake, ule wa kwanza unalibandika na wa pili ndio unaofasiri. Kama tayari linao, andika wa pili tu. Kwenye Windows, wasifu za rangi zimo ndani ya C:\Windows\System32\spool\drivers\color. Ile cmyk.icc ni jina la mfano. Weka wasifu ulionao, na ukibahatika mchapishaji akakupa aliyoitumia yeye, ndiyo bora.

Kuna negetivu ya aina ya pili, nayo huja kwenye hati: cheti cha nikaha, hati ya kiwanja, barua iliyopita kwenye skana ya nyeusi na nyeupe tupu. TIFF za biti moja zina sehemu inayosema kama sifuri ni nyeupe au ni nyeusi. Programu ikiipuuza, karatasi inageuka ubao wa skuli. Hapo kutia -negate kwenye amri ya magick inatosha. Ila hakikisha kwanza ya asili ikoje, maana nimewahi "kuzitengeneza" hati hamsini ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Kilichokosea kilikuwa programu ya kutazamia.

"Rangi zimepauka"

Hapa hakuna cha kutisha machoni. Bahari ya Forodhani imekuwa ya kijivujivu, karafuu zilizoanikwa zimepoteza ule wekundu wa hudhurungi, na mteja anasema tu "si ile." Mara nyingi ya asili ilikuwa Adobe RGB, mfumo wa mwaka 1998 wenye upana wa rangi kuliko sRGB ya kawaida, na wakati wa kugeuza wasifu ukadondoka njiani. Namba ni zilezile ila kioo kinazisoma kwa kamusi nyengine.

Mkosaji mkubwa ninayemjua ni cwebp, chombo cha kugeuza picha kwenda WebP. Chombo hiki kizuri sana, lakini kwa kawaida yake hakibebi maelezo yoyote ya ndani mpaka ukiambie:

cwebp -metadata all -q 85 bahari.tif -o bahari.webp

Mie napendelea njia ya pili, kufasiri kabisa kwenda sRGB kwa ule mfano wa -profile hapo juu, halafu ndiyo nibane. Simu za watu ni za kila aina na baadhi ya programu za kutumiana picha huondoa wasifu zenyewe. Picha iliyokwisha kuwa sRGB haina cha kupoteza.

Picha ikiwa imepauka na asili yake pia imepauka, hiyo si kazi ya kugeuza. Ni karatasi iliyokaa kwenye sebule yenye jua miaka thelathini. Mwambie mteja ukweli, na kama anataka irekebishwe, hiyo ni bei nyengine.

"Kisutu kimechuja"

Tatizo hili lilinichukua muda kulielewa, na wenzangu wengi hawalioni mpaka waoneshwe. Chukua picha ya biharusi aliyevishwa kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ikuze mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo, si chini ya hapo. Kwenye TIFF, kila tone jekundu limesimama peke yake, jeupe pembeni ni jeupe, jeusi ni jeusi. Sasa fungua WebP yake. Mwanga upo sawa, umbo lipo, lakini wekundu umemwagikia kwenye weupe, kingo zimekuwa za waridi, na lile tone dogo limekuwa doa la maji. Ni kama kanga mpya iliyofuliwa pamoja na shuka nyeupe.

Sababu ni hii. WebP ya kubana kwa kupoteza hutumia mtindo uitwao 4:2:0: mwanga huhifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja tu kwa kila fungu la pikseli nne, mbili juu na mbili chini. Jicho la binadamu huvumilia jambo hilo kwenye uso, ukuta, mbingu, miti. Halivumilii kwenye nukta nyekundu nyembamba juu ya cheupe. Na kwetu huku, ni albamu gani ya harusi isiyo na kanga? Kupandisha ubora kutoka 80 hadi 95 hakuponyi, kwa sababu rangi tatu kati ya nne zimeshatupwa kabla kiwango cha ubora hakijaingia kazini. Mie nilipandisha mpaka 100, faili likavimba, doa likabaki.

Dawa zipo tatu. Ya kwanza ni kuongeza -sharp_yuv kwenye cwebp, ambayo haibadilishi mtindo lakini huchagua ile rangi moja kwa uangalifu zaidi. Kwa picha za kutuma kwenye simu inanitosha. Ya pili ni -lossless, hakuna kinachopotea, faili linakuwa kubwa. Ya tatu ni kuhamia AVIF, fomati nyengine mpya, ambayo inakubali rangi kamili kwa kila pikseli:

avifenc -y 444 kisutu.png kisutu.avif

Kofia ya viua ina ugonjwa wa jirani. Yote ni nyeupe, kwa hiyo rangi si tatizo. Kinachopotea ni vile vitundu vya sindano, ambavyo mbano huviona kama chembechembe zisizo na maana na kuvilainisha. Hapo kupandisha ubora kunasaidia. Tofauti hii ndiyo kipimo changu: ukipandisha ubora na kasoro ikapungua, ni mbano, isipopungua, ni rangi.

Na kama skana ilitoa TIFF ya biti 16 kwa kila rangi, jua kwamba WebP ni ya biti 8 tu. Kwa kutazama hutaona tofauti. Kwa mtu anayetaka kuja kulifungua giza la picha baadaye, mwachie TIFF yake, au PNG ya biti 16.

"Haifunguki kabisa"

Anza na jina. Miaka ile watu walikuwa wakibadilisha kiendelezi kwa mkono wakidhani ndiyo wamegeuza fomati. Nimekutana na BMP zinazojiita JPG, na JPG zinazojiita TIF. Anayetumia Linux aandike file *, itamwambia kila kitu. Wa Windows asiye na chombo chochote afungue nakala ya faili kwa Notepad na atazame herufi za mwanzo tu. BM ni BMP. GIF89a au GIF87a inajitaja yenyewe. II au MM ikifuatwa na alama ya ajabu ni TIFF, ya kwanza ya mpangilio wa baiti wa Intel, ya pili wa Motorola. PNG utaona neno PNG baada ya herufi moja. WebP huanza na RIFF, kisha WEBP hatua chache mbele. Ukishaona, funga. Usibonyeze hifadhi hata kwa bahati mbaya, Notepad itaivuruga.

Jina likiwa sahihi na bado linagoma, na ni TIFF, tazama ujumbe wa kosa. Ukisema kuhusu JPEG ya mtindo wa zamani, umeshajua. Toleo la 6.0 la TIFF, la mwaka 1992, lilieleza namna ya kutia JPEG ndani ya TIFF, lakini maelezo yenyewe yalikuwa na mapungufu na kila mtengenezaji akafanya lake. Baadaye njia nyengine ikawekwa, yenye namba 7 badala ya 6, na vyombo vingi vya leo havishughuliki na 6. Jaribu kuifungua kwa programu ya kutazamia picha ya miaka ile, au IrfanView, kisha uihifadhi upya kama TIFF isiyobanwa. Ndipo ugeuze.

Na kama CD yenyewe inanguruma bila kutoa kitu, shida haiko kwenye fomati. Unyevu wetu na chumvi ya bahari haviihurumii CD ya kuandikia nyumbani. Isafishe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, halafu tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, ichukue kinachosomeka kwanza na kurudia sehemu mbovu baadaye.

"Nusu ya chini ni kijivu"

Faili limekatika. JPEG nzima huanza na baiti FF D8 na kumalizia na FF D9. Ikikosa mwisho wake, kila kilichofuata kinakuwa kijivu au mistari ya rangi. Nimeona hili khasa kwenye mafaili ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, ile miezi ambayo Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi baada ya njia ya kutoka bara kuharibika. Kazi zilifanywa kwa jenereta, mafuta yakiisha kompyuta inazimika katikati ya kuhifadhi. Sababu ya siku zote ni fleshi iliyochomolewa kabla haijamaliza.

Dawa ya kweli ni nakala nyengine: ulizia ndugu wengine kama walipewa CD yao. Ukikosa, geuza kilichopo kwenda PNG, kata sehemu ya kijivu, mpe mteja nusu iliyo hai. Chombo cha kugeuza kikikataa na mteja akakwambia "lakini kwangu inafunguka," wote wawili mko sahihi. Programu za kutazamia husamehe, baadhi ya za kugeuza hazisamehe.

"Kompyuta imeganda"

Ramani ya A3 iliyopigwa skana kwa nukta 600 kwa inchi ina pikseli karibu milioni 70. Kwenye diski, bila kubanwa, ni kama MB 210. Lakini ImageMagick inapoifungua hutumia nafasi kubwa zaidi kwa kila pikseli, na hata ukihesabu baiti 8 tu, umeshapita MB 550 za kumbukumbu, kwa picha moja. Fungua ishirini kwa pamoja kwenye kompyuta ya GB 4 uone.

Kwenye Linux nyengine hutaganda, utakataliwa: ujumbe wa kuishiwa nafasi, au wa upana kuzidi kikomo. Vikomo hivyo vimeandikwa ndani ya policy.xml, na magick -list resource hukuonesha vilivyo. Unaweza kuvipandisha, lakini mie kwa picha kubwa nimehamia vips, chombo chengine cha kugeuza picha, ambayo husoma picha vipande vipande na kumbukumbu haishtuki.

WebP nayo ina ukuta wake: pikseli 16383 kwa upande, haiendi zaidi. Mandhari ndefu ya mbele ya bahari, kuanzia bandarini hadi Forodhani, iliyounganishwa kutoka picha nane, ilinigomea kwa sababu hiyo tu. Ipunguze au iache PNG.

Madogo madogo

Imelala ubavu: kamera haikuzungusha pikseli, iliandika tu pembeni kwamba zizungushwe, na maelezo hayo yakaachwa. Tia -auto-orient kabla ya kugeuza.

Nyuma ya nembo pamekuwa peusi: ya asili ilikuwa na uwazi na umeipeleka JPEG, isiyojua uwazi. Tia -background white -flatten, au baki na WebP.

Picha moja imezaa mbili, ya pili ndogo kama stempu, au WebP inapepesa kama katuni: TIFF ilikuwa na kurasa kadhaa, na aghlabu ukurasa wa pili ni kipicha cha kuonjesha tu. Andika picha.tif[0] kuchukua wa kwanza. Lakini hati zifungue zote kwanza, usije ukautupa ukurasa wenye sahihi.

Faili jipya ni kubwa kuliko la zamani: ama umepeleka JPEG kwenda PNG, ama hati ya biti moja umeifanya ya rangi milioni. Hati ziache kwenye PNG ya biti moja. JPEG za kuhifadhi, kama unataka kubana bila kupoteza, zipeleke fomati mpya ya JPEG XL kwa chombo kiitwacho cjxl. Zinapungua karibu asilimia 20 na djxl hukurudishia JPEG ileile, baiti kwa baiti. Usizitume kwa wateja hizo.

Kwenye simu ya jamaa haifunguki: iPhone zilianza kufungua WebP na iOS 14, AVIF na iOS 16, JPEG XL na iOS 17. Android ilipata AVIF kwenye toleo la 12. Uliza simu kwanza, ndipo uchague.

Windows inajibu kuhusu kigezo kisicho halali: umeandika convert, amri ya zamani ya ImageMagick, na Windows ina convert yake tangu zamani, inayogeuza mfumo wa faili wa diski kutoka FAT kwenda NTFS. Haina habari na picha zako. Andika magick.

"Zimepungua"

Hii naiogopa kuliko zote, kwa kuwa haitoi ujumbe wowote wa kosa. Ami alirudi mara ya pili. Rangi ameziridhia, kisutu amekiridhia, lakini akauliza, "Somo yake yuko wapi?" Picha ya yule bibi aliyemfunda biharusi ilikuwemo kwenye CD, haikuwemo kwenye fleshi.

Ziliingia 412, zikatoka 409. Kwa mfano, kwenye CD kulikuwa na HARUSI7.TIF na HARUSI7.JPG, picha mbili tofauti kabisa, na zote mbili nilizipa jina HARUSI7.webp, ya pili ikaandikwa juu ya ya kwanza. Siku hizi naacha kiendelezi cha zamani ndani ya jina jipya, HARUSI7.TIF.webp, halafu nahesabu pande zote mbili kabla sijamwita mwenyewe:

ls asili | wc -l
ls mpya | wc -l

Na kwa zile nilizogeuza bila kupoteza, nazilinganisha pikseli kwa pikseli, jibu liwe sifuri:

magick compare -metric AE HARUSI7.TIF HARUSI7.TIF.png null:

Somo nikampata. Alikuwa kwenye TIFF.